Dawa Ipo Kabatini, Binti Anapewa Mume

Kuna dawa moja mkoani Simiyu ambayo haijawahi kuadimika. Haitoki Bohari ya Dawa, haihitaji kipimo, wala haina tarehe ya kuisha muda. Bibi anaitoa jikoni, shangazi anaitoa, matroni wa bweni anaitoa, muuzaji wa duka la dawa muhimu anaitoa. Na hili ndilo linalonichemsha damu: anaitoa hata mtu aliyevaa koti jeupe, nyuma ya meza ya Serikali, huku binti aliye mbele yake hawezi kukaa wima kwa maumivu ya hedhi. Dawa yenyewe ni maneno mawili. Ukizaa yataisha.

Sitamung'unya maneno. Huo ni uongo. Kwingineko ungekuwa uongo wa kuudhi tu, mwanamke angeusikia, angesonya, angekwenda zake. Huku kwetu wako wazazi wanaousikia na kuutekeleza kabla ya msimu mwingine wa pamba. Baba ameambiwa na mtaalamu kwamba mwanawe akipata mtoto atapona. Jirani ana kijana, kijana ana ng'ombe. Nani atamlaumu baba kwa kumpeleka mwanawe kwenye matibabu?

Na wakati mahari inahesabiwa, dawa ya kweli ya kuanzia, ile inayokubalika kwa mabingwa wa magonjwa ya wanawake kokote duniani, imo ndani ya kabati la zahanati ile ile. Ni bure. Iko hatua chache tu kutoka kwenye benchi alilokalia yule binti. Hapewi, kwa kuwa kabati limeandikwa Uzazi wa Mpango na yeye hana mume.

Nieleze ugonjwa kwanza, maana kelele bila maelezo ni za mnadani.

Endometriosisi ni hivi. Nyama inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi inaota pasipotakiwa: juu ya ovari, kwenye mirija, nyuma ya kizazi, kwenye utumbo, kwenye kibofu, na kwa wachache hufika hadi kifuani. Kila mwezi homoni zinapoujenga utando wa ndani na kisha kuubomoa, nyama hii ya nje nayo hutii amri ile ile. Huvimba, huvuja damu. Damu ya ndani ina njia ya kutokea. Ya nje haina. Inabaki humo, inachoma, inaacha makovu, na makovu yanagandisha viungo ambavyo Mungu aliviumba viteleze. Ndiyo maana mgonjwa haumwi tumbo peke yake. Anaumwa akienda haja kubwa, anaumwa akikojoa, anaumwa akiwa na mumewe kitandani, kiuno kinamkata hadi mapajani, na uchovu wake hauishi hata akilala kutwa. Nyama hiyo ikijichimbia kwenye ovari hujenga uvimbe uliojaa damu ya zamani, nzito, ya kahawia. Mmarekani John Sampson aliandika habari zake mwaka 1921, na tangu hapo madaktari wanauita uvimbe wa chokoleti. Jina hilo alilichagua mtu asiyewahi kuubeba.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unawapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu kama milioni 190. Sensa ya 2022 ilikuta Simiyu ina watu zaidi ya milioni mbili. Toa wanaume, toa watoto, toa bibi zetu waliokwisha koma hedhi, kisha chukua mmoja katika kila kumi ya waliobaki. Bado unapata makumi ya maelfu ya wanawake, kuanzia Nyashimo hadi Mwanhuzi, Lagangabilili hadi Malampaka. Wako wapi hao wote? Mbona hatuwaoni?

Wako kwenye foleni ya UTI, ya maambukizi ya njia ya mkojo.

Nchi hii ina UTI nyingi kuliko mikojo. Binti anafika na maumivu ya tumbo la chini. Anaulizwa maswali mawili, anapewa kikopo, majibu yanatoka na alama ya kujumlisha, anaandikiwa antibayotiki. Baada ya siku nne maumivu yanakata. Yamekata kwa sababu hedhi imekata, lakini wote wawili, tabibu na mgonjwa, wanaamini dawa imefanya kazi. Mwezi ujao yanarudi. Sasa inaitwa UTI sugu na inastahili sindano. Yanakata tena, yanarudi tena. Miaka inapita hivyo, na Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema duniani mgonjwa wa endometriosisi husubiri kati ya miaka 4 na 12 kabla ya kuambiwa anaumwa nini. Huo ni wastani unaowahesabu hata walio jirani na mabingwa. Wa Itilima mpigie hesabu mwenyewe.

Akishakua kidogo, UTI inapanda cheo inakuwa PID, maambukizi ya via vya uzazi. Hapo mambo yanageuka, maana PID inakuja na mkia: umeambukizwa, na aliyekuambukiza ni mwanaume. Mwenye mume anaagizwa arudi naye watibiwe wote. Nyumba ngapi zimewaka moto usiku ule? Mume anamtazama mke, mke anamtazama mume, kila mmoja anajua yeye hakwenda popote, kwa hiyo kila mmoja anajua ni nani aliyekwenda. Kumbe hakuna aliyekwenda. Na asiye na mume, yule binti wa kidato cha tatu ambaye hajaguswa na mtu, anarudi nyumbani na cheti kinachomtangaza malaya.

Mimi mwenyewe nimepita njia hiyo. Nimemeza doksisaiklini na metronidazo mpaka mdomo ukabaki na ladha ya chuma hata nikinywa uji, na nikawaeleza watu wasioniuliza kwamba mimi si wa tabia hiyo. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma hadi leo. Kwa nini nilijitetea?

Simaanishi kwamba UTI haipo. Ipo, PID ipo, na huku Kanda ya Ziwa kipo pia kichocho, ambacho hushambulia hata via vya uzazi vya mwanamke aliyekulia kwenye malambo na mabwawa yetu, nacho pia huitwa UTI bila aibu. Kila kimoja kina dawa yake. Ila maumivu yanayokuja na hedhi na kuondoka na hedhi, mwezi baada ya mwezi, yanaeleza asili yake yenyewe. Tabibu anachotakiwa kuuliza ni swali moja tu: yanaanza lini? Sharti moja, awe tayari kulisikiliza jibu.

Sasa turudi kwa ukizaa yataisha, maana uongo huu una ukoo, na ukoo wake si wa Kisukuma pekee. Mwaka 1941 bingwa mmoja wa Boston, Joe Vincent Meigs, aliandika kuwa endometriosisi inatokana na wanawake kuchelewa kuzaa, na akahimiza wenye nafasi zao waolewe mapema na wazae mapema. Alikuwa akiwasemea Wazungu wenye uwezo. Upande wa pili wa mafundisho ya enzi zile ulikuwa kwamba mwanamke mweusi haupati ugonjwa huu, na akilalamika tumbo basi ni maambukizi ya zinaa. Ilibidi daktari mweusi wa Chicago, Donald Chatman, awachunguze wagonjwa wake kwa kamera ya tumboni ndipo mwaka 1976 achapishe alichokikuta: zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa na endometriosisi, na si wachache kati ya hao walikuwa wamekwisha kuandikiwa PID.

Binti wa Bariadi amerithi yote mawili. Kwa rangi yake anaandikiwa PID, na kwa nadharia ya Boston anaandikiwa mume. Wanaoona ukizaa yataisha ni hekima ya wahenga wetu wajue inafanana sana na ya bwana mkubwa mmoja wa Marekani ambaye hakuwa akituwaza hata kidogo.

Bibi zetu lakini sitawakejeli. Hawakuota ndoto. Waliona kwa macho yao mwanamke aliyekuwa akigaagaa kila mwezi akapata mimba, akatulia, akanyonyesha, akatulia tena. Walichokiona ni kweli: mimba husimamisha hedhi, na kunyonyesha mara nyingi huiongezea likizo. Hedhi ikisimama, na ile nyama ya nje hutulia. Kisha mtoto akiacha ziwa, hedhi inarudi, na kwa wengi maumivu yanarudi nayo. Hapo mama anaambiwa azae tena. Mabingwa wa Ulaya wa mambo ya uzazi walipotoa mwongozo wao wa mwaka 2022 waliandika waziwazi kwamba mwanamke asishauriwe kushika mimba kwa lengo la kutibu endometriosisi. Ongeza na hili: ugonjwa wenyewe ni moja ya sababu kubwa zinazowazuia wanawake kushika mimba. Unamwandikia mtu kuzaa kama dawa ya ugonjwa unaomnyima kuzaa, na asipozaa unamgeuzia kibao.

Na kama kinacholeta nafuu ni hedhi kutulia, zipo njia za kuituliza bila kumfanya mtoto azae mtoto. Vidonge vya majira. Sindano ya miezi mitatu. Kijiti cha mkononi. Hizo ndizo dawa za homoni ambazo daktari wa London au Nairobi humwanzishia mgonjwa wa endometriosisi, pamoja na dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni au diklofenaki zinazomezwa baada ya kula, mapema, kabla moto haujashika. Mwongozo ule wa 2022 umeondoa hata kisingizio cha zamani cha kusema lazima apasuliwe kwanza ili ithibitishwe. Dalili zikielekea huko, matibabu yanaanza. Na hata kama si endometriosisi, hata kama ni maumivu makali ya hedhi yasiyo na ugonjwa nyuma yake, dawa za kuanzia ni hizo hizo. Kwa hiyo tabibu wa zahanati hana haja ya kuwa na uhakika wa bingwa. Ana haja ya kumpima binti shinikizo la damu, kumuuliza kama anaumwa kipandauso kikali au amewahi kuganda damu, na kufungua kabati.

Wala sisemi ni dawa za ajabu. Haziuondoi ugonjwa, zinautuliza. Wapo zisiowafaa. Sindano huvuruga mpangilio wa damu na huchelewesha mimba kwa miezi kadhaa baada ya kuiacha, na mwenye haraka ya kuzaa aambiwe hivyo mapema. Kitanzi cha madini ya shaba hakimo katika orodha hii kabisa. Hicho kinaweza kuzidisha maumivu na damu. Lakini kati ya dawa yenye kasoro na ndoa ya binti wa miaka 15, nani mwenye akili timamu anapiga kura?

Tena usinijibu kwamba ndoa ya miaka 15 ni hadithi ya zamani. Sheria ya Ndoa ya 1971 ndiyo iliyoiruhusu, Mahakama Kuu mwaka 2016 ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba, Mahakama ya Rufani ikakazia Oktoba 2019. Utafiti wa taifa wa afya wa 2022 bado ulikuta wasichana 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 wamekwisha kushika mimba. Hoja ya mtaalamu inapokuja kumsaidia baba anayetafuta sababu, hukumu ya mahakama haifiki kijijini kwa wakati.

Kwa nini kabati halifunguliwi? Hapa niwe wazi kuhusu jambo ambalo wenzangu wa Simiyu wanalijua na hawapendi kulikumbusha. Tarehe 9 Septemba 2018 Rais John Magufuli, Mungu amrehemu, alisimama Meatu, ndani ya mkoa wetu huu, akawaambia wananchi waachane na uzazi wa mpango. Wanaoutumia, kwa maelezo yake, hawataki kufanya kazi ya kulisha familia kubwa. Siku chache baadaye Wizara ya Afya ikaagiza matangazo ya uzazi wa mpango ya redioni na kwenye televisheni yasimamishwe. Mwaka uliofuata akiwa kwao Chato akawataka wanawake waziachie ovari zao.

Waziachie! Wako wanawake ambao ovari zao hazikufungwa na kidonge chochote. Zimegandishwa na makovu, zimebeba damu ya miaka, na kidonge kile kile kilichosimangwa jukwaani ndicho ambacho kingezipumzisha. Hakuna aliyewakumbuka siku ile, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba wapo. Awamu imebadilika, lakini neno la mkubwa likishuka Meatu halifutwi na waraka kutoka Dodoma. Mpaka leo binti akitajiwa majira, mama anasikia utasa, baba anasikia umalaya, na nesi anasikia matatizo na mwenyekiti wa kijiji. Miongozo ya Serikali haidai cheti cha ndoa kwa anayetaka njia za uzazi wa mpango. Kinachodai cheti ni macho ya watu kwenye korido.

Tunahimizwa kila siku kwamba mficha uchi hazai, semeni shida zenu kwa wataalamu. Sawa. Binti anajikaza, anasema. Anaulizwa umeolewa? Na mlango wa chumba uko wazi.

Njoo basi kwenye darasa lolote la sekondari ya kata umtazame. Utamtambua bila kuwa daktari. Amejifunga khanga chini ya sketi, imekazwa kweli kweli, fundo limekaa juu ya kitovu. Sweta analo kiunoni ingawa jua la saa saba mchana halina huruma. Hakai kwenye kiti; amechuchumaa nyuma ya darasa, paji la uso ameliegemeza ukutani kwa sababu ukuta una ubaridi. Akitapika, wenzake wanajua pa kupata mchanga wa kumwagia. Mwalimu akiuliza, darasa zima linajibu kwa niaba yake: anaumwa. Hakuna anayeuliza anaumwa nini, na hakuna anayeandika popote kwamba mwezi uliopita, tarehe kama hizi, alikuwa ukutani hapo hapo. Novemba ikifika, tumbo halisomi ratiba ya NECTA. Atafanya Hisabati jasho baridi likimtiririka, matokeo yatatoka, watasema wasichana hawaziwezi hesabu. Baadaye shambani ni hivyo hivyo: akiinuka kila mara kushika kiuno wakati wa kuchuma pamba, wifi atasema mvivu.

Nigeukie uvimbe wa ovari, maana huko nako kuna watu wanakula fedha za wagonjwa.

Siku hizi ultrasaundi zimejaa hadi kwenye miji midogo, na hilo ni jema. Ubaya ni kwamba mwanamke anatoka na karatasi yenye neno uvimbe na sentimita zake, bila mtu wa kumweleza. Analia njia nzima. Wengi wa hao wangelala usingizi mzuri kama wangeambiwa kuwa ovari yenye afya hutengeneza kifuko cha maji kila mwezi ili kukuza yai, kwamba kifuko hicho wakati mwingine huchelewa kupasuka na kuonekana kama uvimbe, na kwamba mara nyingi huisha chenyewe ndani ya hedhi mbili tatu. Unapimwa tena baada ya hapo. Uvimbe ukibaki, ukikua, ukiwa na damu nzito ndani au sehemu ngumu, au wewe mwenyewe ukiwa umekwisha koma hedhi, hapo ni kazi ya daktari wa wanawake. Na maumivu ya ghafla upande mmoja, makali, yenye kutapika, hayasubiri asubuhi: ovari inaweza kuwa imejinyonga, na kila saa inayopita inaiua.

Katika ule mwanya wa hedhi mbili tatu ndipo anapoingia muuza dawa ya kuyeyusha uvimbe. Yumo kwenye basi la Mwanza, yumo redioni, yumo kwenye makundi ya simu. Anasafisha kizazi, anazibua mirija, anayeyusha uvimbe kwa wiki kadhaa. Uvimbe wa maji unaisha wenyewe, yeye anachukua sifa na picha ya kabla na baada. Wa chokoleti haumsikilizi, lakini huyo mgonjwa harudi kutoa ushuhuda. Anauza mbuzi mwingine. Na yule aliyepimwa akaambiwa ultrasaundi ni safi, huyo ndiye anayeonewa kuliko wote, kwa sababu nyama ndogondogo za endometriosisi mara nyingi hazionekani kwenye picha. Anaambiwa huna kitu. Anaanza kuamini kwamba ana wazimu, au amerogwa, na Usukumani tunajua maneno ya kurogwa huishia kwenye mlango wa bibi kizee gani.

Watu wawili wa Afrika Mashariki wamelipigia kelele jambo hili kwa majina yao. Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, alisimama akasema hadharani ana endometriosisi, akaeleza operesheni zaidi ya kumi, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya BET nchini Marekani kwa kazi hiyo. Alimpata mwanawe mwaka 2017. Njambi Koikai wa Kenya, mtangazaji na mpenzi wa reggae aliyejulikana kama Fyah Mummah Jahmby, yeye ugonjwa ulimfika kifuani, mapafu yakawa yanasinyaa akiingia kwenye siku zake. Wakenya walimchangia, akaenda kutibiwa Atlanta mwaka 2018, akarudi, akaendelea kuwasemea wenzake mpaka alipofariki Nairobi tarehe 3 Juni 2024, akiwa na miaka 38. Nawaheshimu wote wawili. Ila sura zao zimewapa baadhi yetu kisingizio: ah, ule ugonjwa wa mamisi na watangazaji. Hapana. Hao ni wale waliokuwa na nauli.

Wa kwetu hana. Rufaa yake ni Bugando, Mwanza, kwa barabara ya Lamadi, na mume anauliza ng'ombe yupi auzwe kwa mke ambaye hata hajazaa. Ukoo unakaa kikao. Ng'ombe waliotoka wanataka kurudi. Mama mkwe anamtafutia mwanawe mwingine, na wala hafichi. Mwanamke anabebeshwa maumivu na mashitaka kwa wakati mmoja, na hakuna hata mtu mmoja kwenye kikao kile anayejua kwamba mume naye hupimwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Wabunge wetu wote wa mkoa huu, mkisimama bungeni kuisifu, semeni basi kama upasuaji wa matundu madogo wa endometriosisi umo ndani ya kitita cha mwanamke wa Meatu au umo kwenye hotuba tu.

Najua jibu linalokuja. Mnataka kuwapa watoto wetu majira wakafanye uzinzi. Kwanza, aliyepinda kwa maumivu hadi anatapika hana mpango na mvulana wa mtu. Pili, mzazi anayesema hivyo ndiye yule yule aliyekuwa tayari kumwoza, kwa hiyo tuache kuzungushana: anachokiogopa si tendo, anaogopa litendeke bila ng'ombe. Na nesi anayesema hataki lawama, namwelewa, kazi yake ni ngumu, yuko peke yake na foleni inafika mwembeni. Ndiyo maana anahitaji karatasi ya kumlinda.

Mganga Mkuu wa Mkoa anaweza kuiandika kabla ya chakula cha mchana. Ukurasa mmoja, kwenda kwa kila zahanati na kituo cha afya katika wilaya zote tano: maumivu ya hedhi yanayomtoa msichana darasani au mwanamke shambani ni sababu tosha ya kitabibu, aulizwe yanaanza lini na yanaisha lini, asipewe antibayotiki mara ya tatu kwa ugonjwa ambao haujathibitishwa, aanzishiwe dawa za maumivu na za homoni zilizopo kwenye kabati, awe ameolewa au hajaolewa, asipopata nafuu baada ya miezi mitatu apewe rufaa, na mtumishi yeyote atakayemwandikia mgonjwa ndoa au mimba ajieleze kwa maandishi. Nakala kwa maofisa elimu, ili walimu wa malezi wawe na daftari la tarehe.

Na wewe mama, usiusubiri waraka. Andika tarehe za mwanao kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari lake, tumbo lilipoanza na lilipoachia, miezi mitatu mfululizo. Mkifika zahanati ingia naye chumbani, funga mlango, weka daftari mezani. Akiulizwa kama ameolewa, jibu wewe: hajaolewa, anaumwa.